Tembea, Tafuta, Uliza: Mchezo wa Mafumbo kwa Wanaotaka Kujuana Tena

Mazungumzo ya mhamasishaji wa shirika la hapa kwetu, mbele ya familia zilizohamishwa na vita na viongozi wao kutoka teritwari za Masisi na Walikale



Nimeombwa kuzungumza juu ya amani, na leo nitazungumza juu ya mchezo. Najua wapo watakaosema: tumekosa unga, tumekosa shiti za kufunika vibanda, na huyu anatuletea mchezo? Swali hilo ni la haki. Mchezo haujazi sufuria, wala haurudishi shamba lililochukuliwa. Lakini vita imetunyang'anya kitu kingine ambacho hakuna lori la msaada linaloweza kukileta. Kitu hicho ni kujua mahali tunapotoka, na kumjua jirani tunayetoka naye pamoja.

Muulizeni mtoto wa miaka mitatu au minne aliyezaliwa Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya: "Kwenu ni wapi?" Atakutajia jina la kambi. Hana kosa, ndipo alipofungulia macho. Na mwezi wa pili mwaka 2025, kambi nyingi za kando ya Goma zilivunjwa kwa muda wa siku chache. Familia zikashika njia kuelekea Sake, Masisi na kwingineko. Mtoto akaambiwa, "Tunarudi nyumbani." Lakini nyumbani hapo yeye hajawahi kupaona.

Ndugu zangu, mtoto kama huyo akifika kijijini atauliza: mlima huu unaitwaje? Nyumba ile ilikuwa ya nani? Kwa nini imeungua? Mtu wa kwanza kumjibu ndiye atakayekuwa mwalimu wake. Akiwa ni mtu wa chuki, mtoto atajifunza chuki pamoja na majina ya vilima. Kwa hiyo tunapaswa kupanga mapema nani atamjibu, na kwa njia gani. Mchezo ninaowaletea ni njia moja ya kupanga jambo hilo.

Mchezo wenyewe ni nini?

Katika miji mingi ya dunia kuna mchezo unaochezwa nje, kwa miguu, katika mtaa wa zamani wa mji. Hakuna mtu anayewatembeza wachezaji. Kikundi cha watu wachache kinapewa kijitabu, au simu, yenye fumbo la kwanza. Fumbo hilo halijibiwi kwa kukaa kitini. Jibu liko ukutani, juu ya mlango, katika mwaka uliochongwa kwenye jiwe, au katika kinywa cha mzee anayeishi pale. Mkilipata jibu, linawafungulia njia ya kituo cha pili, na cha pili kinawapeleka kwenye cha tatu, mpaka mwisho. Mtu aliyepita mtaa ule miaka 10 bila kuutazama, siku hiyo anautazama.

Wengine hutumia setilaiti. Mwezi wa tano mwaka 2000 serikali ya Marekani iliacha alama za setilaiti zake ziwe sahihi kwa watu wote. Siku iliyofuata, mtu mmoja wa jimbo la Oregon alificha ndoo porini, akawatangazia wengine namba za mahali ilipo ili waitafute. Toka hapo mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa umeenea karibu dunia nzima. Lakini msiogope, sisi hatuhitaji setilaiti. Karatasi moja, kalamu moja na miguu vinatosha.

Tena si jambo la kigeni. Nani kati yetu hakukaa karibu na moto usiku akisikia "Kitendawili!" naye akajibu "Tega!"? Na ninyi wa Walikale mna mfano mkubwa kuliko huo. Wanyanga wana masimulizi ya Mwindo. Mwaka 1956 yalisimuliwa na mzee Rureke na kuandikwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Mwindo anamfuata baba yake aliyetaka kumwua, na njiani anapewa majaribu: alime shamba la migomba, kisha alete asali. Hawezi kuendelea mpaka ameshinda. Na mwisho wa safari hamwui baba yake. Wanarudi nyumbani, wanazungumza mbele ya watu wote, wanagawana utawala. Wazee wetu walijua zamani kwamba safari ya majaribu inaweza kuishia kwenye mapatano.

Mfano kutoka Zanzibar

Mfano mmoja wa mji unaosomeka kwa miguu ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Vichochoro vyake ni vyembamba, na milango yake ni kama kitabu. Mlango wenye upinde juu mara nyingi unaonyesha mkono wa Wahindi. Wenye kizingiti kilichonyooka na nakshi nyingi unaelekea upande wa Waarabu. Mtoto akifundishwa jambo hilo moja tu, anaweza kutembea mtaa mzima akisoma ni watu gani waliujenga. Ataona kwamba mji huo haukujengwa na kabila moja.

Lakini katika mji huohuo kuna Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na juu ya uwanja wake likajengwa kanisa kuu la Anglikana. Sisi Wakongomani jambo hilo linatuhusu. Tippu Tip, ambaye nyumba yake bado inaonyeshwa katika mji ule, alifanya biashara ya pembe na watumwa mpaka Maniema. Hata Kiswahili hiki ninachowasemesha kilipita njia zilezile kuja kwetu. Watu wa Zanzibar hawakupafukia Mkunazini wakasahau. Wageni huonyeshwa mahali hapo na kusimuliwa yaliyotendeka, na hakuna anayeambiwa akalipize kisasi. Tushike somo hilo, maana nasi tuna mahali penye maumivu.

Tuchukue Goma kama mfano

Wengi wenu mmeishi Goma kwa sababu ya vita, na mmeijua kama mji wa kuomba hifadhi. Hebu tuitazame kwa macho ya mchezo. Nitatega vitendawili vitano, nanyi mjibu.

Cha kwanza: Nilikuja nikiwa mto, nimebaki kuwa ukuta. Ndiyo, ni mawe meusi ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na moto ukashuka katikati ya mji mpaka ziwani. Watu zaidi ya 100,000 wakakosa makao. Ilikuwa imetokea pia Januari 1977, na ikatokea tena Mei 2021, safari hiyo lava ikasimama Buhene, pembeni ya mji. Kazi ya kituo hiki: tafuteni nyumba tatu ambazo kuta zake zimejengwa kwa lava ileile iliyobomoa nyumba za zamani. Kisha muulize mwenye nyumba mmoja: siku ile ulikimbilia wapi, na nani alikupokea? Mtagundua kwamba mwenyeji wa Goma naye aliwahi kubeba godoro kichwani.

Cha pili: Nyumba ya sala iliyobatizwa kwa moto. Ni kathedrali ya zamani ya Mtakatifu Yosefu, iliyobomolewa na lava ya 2002. Kazi: mkiwa pale, kila mmoja ataje mahali pa sala palipoharibiwa katika kijiji chake, iwe kanisa, msikiti au mahali pa mababu. Msiseme nani aliharibu. Taja jina la mahali tu, na wenzako wanyamaze kidogo.

Cha tatu: Farasi wangu hali majani, ana pembe mbili za kushika, na bila yeye mji unalala njaa. Mmejibu kabla sijamaliza! Ni chukudu. Sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama mjini tangu mwaka 2009, mahali panapoitwa Rond-point Chukudu. Miji mingi huweka sanamu ya jemadari. Goma imeweka ya mtu anayesukuma mzigo. Kazi: mwulizeni msukuma chukudu mmoja mzigo wake umelimwa wapi, na umepita katika mikono mingapi mpaka kufika hapo.

Cha nne ni cha sokoni, nacho kina vitendawili viwili. Nilikuwa maji meupe kilimani, sasa ni gurudumu lisilotembea. Ni fromaji ya Masisi. Nimetoka bondeni nimevaa nyekundu, bila mimi sombe inalia. Ni mawese, na ninyi wa Walikale mnayajua. Kazi: tafuteni vitu vitano sokoni vinavyotoka Masisi na Walikale. Kwa kila kimoja andikeni ni nani hukilima, nani hukibeba, nani hukiuza. Mtaona kwamba mfugaji, mkulima, mchukuzi na mama muuzaji mara nyingi si wa kabila moja. Wakati sisi tunagombana, mikono yao ilikuwa inashikana katika sahani moja.

Cha tano: Nje ni baridi, tumboni nina moto. Ni ziwa Kivu. Chini kabisa ya maji yake kuna gesi ya metani, ambayo inaweza kuwaka na kutoa umeme, na kuna gesi nyingine inayoweza kuua. Kitu kilekile kina faida na hatari, kutegemea jinsi kinavyoshikwa. Hapa ndipo mwisho wa mchezo, vikundi vikae kando ya maji na kusimuliana walichopata.

Namna ya kutengeneza kikundi

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mchezo unapokuwa kazi ya amani au unapoharibika. Tukiwaacha vijana wajigawe wenyewe, watajigawa kwa lugha. Wahunde upande huu, Wahutu upande ule, Wanyanga peke yao, Watutsi peke yao, Watembo na Wakumu vilevile. Hapo tutakuwa tumetengeneza mashindano ya makabila, na anayeshindwa atarudi nyumbani na kinyongo.

Kwa hiyo kikundi kiwe cha watu wanne au watano waliochanganywa, wavulana na wasichana, waliohamishwa na wenyeji wa mtaa. Na fumbo liandikwe hivi: maneno mengi yawe ya Kiswahili, lakini neno moja la lazima liwe la Kihunde, lingine la Kinyarwanda, lingine la Kinyanga, lingine la Kitembo au Kikumu, kulingana na watu waliopo. Hakuna mchezaji mmoja atakayeweza kulifumbua lote. Kijana ambaye jana aliona aibu kusema lugha ya mama yake mbele ya watu, leo wenzake watamwomba: "Tafadhali, neno hili maana yake nini?" Kila kikundi kinamhitaji yule ambaye kingemwacha nje.

Tena, majibu mengine yasiwe kwenye jiwe, yawe kwa mtu. Mzee au mama akae kituoni kama mlinzi wa jibu. Asilitoe mpaka amesalimiwa kwa heshima na kuulizwa kwa upole. Mlinzi wa kituo naye achaguliwe kutoka jamii tofauti na ya wengi wanaokaa hapo.

Kanuni sita za kulinda watu

Kanuni ya kwanza: ruhusa. Chefu wa mtaa, chefu wa avenyu na wazazi wajue siku, saa na njia. Kikundi cha vijana wanaozunguka na karatasi huku wakiuliza maswali kinaweza kudhaniwa kuwa cha wapelelezi. Siku ambayo hali si nzuri, mchezo uahirishwe bila majadiliano.

Ya pili: tukae mbali na wenye silaha. Kusiwe na kituo karibu na barieri, kambi ya askari, uwanja wa ndege au mpaka. Mtu yeyote asipige picha huko.

Ya tatu: usiguse chuma. Mahali palipopigwa vita hubaki mabomu na risasi. Jibu la fumbo lisifichwe kamwe ardhini, chini ya mawe wala katika nyumba iliyoachwa. Mtoto aliyezoea kufukua kutafuta zawadi atafukua kitu kingine.

Ya nne: mazuku. Wenyeji wa Goma na Sake wanajua kwamba katika mabonde madogo na mashimo hutoka hewa isiyoonekana, inayoua mbuzi na watu. Njia yetu isipite katika mashimo kama hayo, hasa asubuhi mapema.

Ya tano: mchezo si mahakama. Masisi ina watu waliokuwa na bami wao kabla ya mzungu. Ina pia watu ambao Wabelgiji waliwaleta kutoka Ruanda kati ya 1937 na 1955, na ina waliokuja kwa njia na nyakati nyingine. Wote wamezaa na kuzika hapo. Maswali ya nani mwenye shamba gani yana baraza lake, yana wazee wake na sheria yake. Kwa hiyo kituo kisiwekwe kwenye mpaka wa shamba lenye ugomvi. Na mlima wenye majina mawili uandikwe kwa majina yote mawili. Tukifuta jina moja, tumekwisha kuchagua upande.

Ya sita, nayo ni nzito kuliko zote: tusianzie kwenye damu. Mwezi wa tatu mwaka 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaingia Masisi, na tangu hapo kila jamii ina makaburi yake. Wapo hapa leo waliopoteza watu wakati ule na nyakati zilizofuata. Kaburi haliwezi kuwa fumbo la kuchezea. Itafika siku ambapo wazee wa pande zote watakaa, wakubaliane juu ya maneno ya kusema mahali kama hapo, na waende pamoja. Mkunazini inatuonyesha kwamba inawezekana. Lakini siku hiyo wataichagua wenye msiba, si sisi wa mashirika.

Tuanzie wapi kwa ajili ya vijiji vyetu?

Huenda mtaniambia: Goma ni mji, sisi tuna vilima na msitu. Ni kweli, lakini kijiji nacho kina mtaa wake wa zamani. Kuna mti wa baraza, chanzo cha maji, shule ya kwanza, parokia, daraja, soko la siku moja kwa juma, njia ya ng'ombe. Vituo sita vinatosha. Na kwa kuwa wengi hatuwezi kufika huko sasa, tuanze kwa kukusanya.

Ninawaomba mambo matatu. Kwanza, viongozi mchague wazee wanne au watano kutoka jamii mbalimbali za eneo moja, wakae pamoja na vijana wawili wanaojua kuandika. Wachore mchanga chini, waonyeshe kijiji kilivyokuwa. Watabishana: "Daraja lilikuwa huku!" "Hapana, lilikuwa kule!" Waacheni wabishane. Mabishano juu ya daraja yanawakumbusha kwamba walivuka daraja moja.

Pili, wamama muulizwe peke yenu. Mama anajua njia ya maji, mahali pa kukata kuni, nyumba ya mkunga na mti wa dawa. Ramani iliyochorwa na wanaume tu ina nusu ya kijiji.

Tatu, kila familia itunge kitendawili kimoja juu ya mahali pake, kiwe kifupi, kisicho na tusi wala jina la adui. Vijana wataviandika katika daftari moja. Siku njia zitakapofunguka, daftari hilo litakuwa mchezo wa kwanza wa watoto wanaorudi, na walinzi wa vituo watakuwa majirani wao wenyewe.

Sisemi kwamba hayo yataleta amani peke yake. Amani inahitaji silaha kunyamaza, inahitaji viongozi wakubwa kutimiza wanayotia saini, inahitaji haki. Hayo si ya uwezo wetu peke yetu. Lakini mtoto anayerudi atakutana na nani wa kwanza, na atajibiwa nini: hilo liko mikononi mwa watu waliokaa hapa.

Nimalize kwa kitendawili ambacho leo sitakitolea jibu, muende nacho nyumbani. Wa Masisi wamwulize mtu wa Walikale, na wa Walikale wamwulize mtu wa Masisi, maana kila upande una nusu ya jibu:

Nazaliwa kwenye malisho ya Masisi, nakua katika msitu wa Walikale, sina miguu, sina kabila, na hakuna barieri iliyowahi kunisimamisha. Mimi ni nani?

Mtakayekutana naye kwa kulitafuta jibu, msalimieni kwanza.